Fundi wa Sakafu Anajibu: Mbao Juu ya Jamvi

Toleo lililopita nilieleza kwa kifupi kuhusu mbao za tabaka, zile ambazo juu zina ubao halisi mwembamba na chini zimeshikizwa plaiwudi, na jinsi zinavyobandikwa kwa gundi moja kwa moja juu ya jamvi, yaani sakafu ya zege. Barua zimekuja kutoka pande nyingi za huku Kusini, na karibu zote zinauliza gundi. Nimezichambua, nikatanguliza zile ambazo mwenye nyumba bado ana nafasi ya kuokoa fedha yake. Mbao hizi ni ghali, na zikishabandikwa vibaya hazibanduki zikiwa nzima.

*Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, najenga Shangani hapa Mtwara, si mbali na bahari. Jamvi tulimwaga mwezi wa kwanza, nyumba ikaezekwa mwezi wa tatu. Kaka yangu ni baharia, ametuletea kutoka Ulaya mbao za sakafu za mwaloni, unene milimita 14, zinatosha sebule na vyumba viwili. Fundi wangu anasema zege likifikisha siku 28 limekomaa, tutafute gundi tu tuanze. Gundi ipi ni nzuri? (Mwalimu, Shangani)*

Marahaba mwalimu, na hongera kwa kuezeka. Gundi nitakutajia, ila mwishoni, kwa sababu jamvi lako bado halijawa tayari kuipokea.

Fundi wako hajakosea kuhusu siku 28. Ndizo siku ambazo zege hupimwa nguvu zake. Lakini kupata nguvu ni jambo moja na kukauka ni jingine. Kwenye mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 mafundi wetu humwaga maji lita 25, 30, pengine zaidi, ili zege lilainike na kusambaa. Saruji hushika sehemu tu ya maji hayo. Yanayobaki yamo ndani ya vitundu vidogo vidogo vya zege na yanatoka kupitia juu, taratibu sana. Mafundi wa sakafu wa nchi nyingi hukadiria mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, tena hewa ikiwa kavu na paa likiwa limeshakaa. Jamvi la milimita 100, hiyo ni miezi minne. Hewa ya Mtwara si kavu, na ninyi mmeezeka mwezi wa tatu, maana yake mvua za mwezi wa kwanza na wa pili zote zimelinyeshea jamvi lenu. Anza kuhesabu siku mlipoweka paa na madirisha. Siku ya kumwaga zege iache.

Kuna swali zito kuliko hilo. Chini ya jamvi mliweka nailoni? Kama mliweka ile nzito, mkaipandisha kwenye kingo za msingi, na haikutobolewa na kokoto wala miguu ya vibarua, jamvi lina siku ya kukauka. Kama hamkuweka, siku hiyo haipo. Unyevu wa ardhini utaendelea kupanda kupitia zege mwaka hata mwaka, hata kama juu unapaona pakavu. Na ikiwa mchanga ulichotwa ufukweni, jambo ambalo sote tunalijua linafanyika, chumvi iliyomo inavuta unyevu wa hewani na kuuingiza zegeni. Ukiona unga mweupe unajitokeza sakafuni au chini ya kuta, hiyo ndiyo chumvi yenyewe.

Kwa hiyo upime. Kipimo cha kwanza hakina gharama. Kata vipande vya nailoni inayoonekana ndani, kila kimoja nusu mita kwa nusu mita. Fagia zege, kilaze kipande, ukizibe pande zote nne kwa selotepu pana pasiwe na upenyo. Weka kimoja katikati ya sebule, kimoja karibu na ukuta wa nje, kimoja karibu na choo cha ndani. Pasiwe mahali panapopigwa na jua la dirishani. Angalau saa 16. Mimi huwa naacha siku tatu. Ukibandua ukakuta matone chini ya nailoni, au zege limegeuka rangi likawa jeusi kuliko pembeni, umepata jibu: bado.

Ila usije ukafurahi haraka ukikuta pakavu. Nailoni inakuambia habari za juu tu, na zege hukauka juu kwanza huku ndani limeshiba. Ukishabandika mbao umelifunika, na ule unyevu wa ndani utasambaa kutoka chini kwenda juu mpaka ufike kwenye gundi. Ndiyo sababu kipimo cha kuaminika ni cha tundu. Linatobolewa tundu la kina cha asilimia 40 ya unene wa jamvi, yaani milimita 40 kwa jamvi la milimita 100, linasafishwa vumbi, linazibwa, linaachwa saa 24, kisha kinaingizwa kifaa kinachosoma unyevu wa hewa iliyomo ndani. Viwanda vingi vya mbao za sakafu havitaki uzidi asilimia 75. Soma karatasi iliyomo kwenye boksi lako, kiwango chao kimeandikwa. Mtafute mhandisi anayepima zege mwenye kifaa hicho. Gharama ya kumlipa ni ndogo sana ukiilinganisha na sebule nzima ya mwaloni.

Upande wa pili ni mbao zenyewe. Mbao za Ulaya hukaushwa kiwandani hadi unyevu wa asilimia 8 hivi, kwa ajili ya nyumba za kule. Hewa ya pwani yetu ikifika unyevu wa asilimia 80, ubao unakunywa mpaka ukaribie asilimia 16. Za tabaka zinatanuka kidogo kuliko ubao mzima kwa sababu plaiwudi ya chini imepishanishwa nyuzi, lakini zinatanuka. Ziingize ndani ya nyumba ikiwa na madirisha na milango, iwe katika hali mtakayoishi nayo. Kama mtatumia kiyoyozi, kiwe kinafanya kazi kabla. Tena usizilaze juu ya jamvi. Magunia ya korosho ghalani hupangwa juu ya chaga yasinyonye unyevu wa sakafu, na maboksi yako yanastahili hivyo hivyo. Kufungua maboksi mapema au kuyaacha yamefungwa, fuata karatasi ya kiwanda, maana hapo viwanda vinatofautiana.

Ikiwa zege lina nailoni chini, kipimo kimezidi kidogo, na hamwezi kusubiri, kuna epoksi ya kuzuia unyevu. Zege linasagwa juu kwanza, epoksi inapakwa mara mbili, ya pili ikipita kinyume na ya kwanza, na kabla haijakauka inanyunyiziwa mchanga mkavu ili gundi ipate pa kushika. Kila epoksi ina mwisho wake wa unyevu inaoweza kuuzuia, nao umeandikwa kwenye kopo. Kwa jamvi lisilo na nailoni kabisa, mimi singeshauri mbao. Ningeshauri marumaru, na mbao hizo kaka aziuze au zisubiri nyumba ya ghorofa.

Sasa gundi. Chukua ya poliyurethani au ya silani iliyotengenezwa kwa ajili ya sakafu za mbao, inayobaki na mnyumbuko hata baada ya kukauka. Gundi nyeupe ya fanicha ina maji, itazivimbisha mbao kabla hujamaliza chumba. Gundi ya marumaru inashika kwa ukavu bila kunyumbuka, ubao ukitaka kusogea inakatika.

*Habari za kazi fundi. Korosho ya msimu huu imenisaidia kumaliza nyumba. Sakafu yote imepigwa niru, inang'aa. Nataka kubandika mbao juu ya niru bila kubomoa kitu. Jirani anasema niru ni laini kwa hiyo ndiyo nzuri zaidi. Je, ni kweli? (Mkulima, Tandahimba)*

Nzuri ndugu yangu. Niru imependezesha nyumba nyingi huku kwetu na siidharau. Lakini kwa kazi ya gundi ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko sakafu yoyote. Niru ni ngozi nyembamba ya saruji tupu iliyosuguliwa kwa mwiko. Gundi inaweza kuishika vizuri kabisa. Tatizo kubwa ni kama niru yenyewe imelishika zege. Ubao ukitanuka msimu wa mvua unavuta kwa nguvu, na ukija kufunua unakuta gundi haina kosa: imebanduka ikiwa na niru mgongoni.

Chukua msumari wa inchi nne, ukwaruze sakafu kwa nguvu mistari inayokatizana, karibu karibu. Ikitoka unga au magamba, niru hiyo iondoke. Chukua tena nyundo ndogo, ugongegonge taratibu chumba kizima ukiwa umechuchumaa. Penye mshiko panatoa sauti kavu, fupi. Palipoachana panatoa sauti ya uwazi, utaijua bila kufundishwa. Zungushia chaki. Kisha dondosha matone ya maji hapa na pale. Tone likikaa juu dakika nyingi bila kunyonywa, sakafu imezibika, na gundi haitazama popote.

Mara nyingi jibu ni kusaga. Grainda yenye diski ya kusagia zege, mtu amevaa barakoa, madirisha wazi, mpaka uone chembe za mchanga wa zege zimejitokeza. Ni kazi ya vumbi na kelele, na ndiyo itakayokufanya ulale kwa amani miaka inayofuata. Vumbi liondolewe lote. Gundi juu ya vumbi inabandika vumbi.

Ukishasaga, pima usawa. Chukua rula ya alumini ya mita mbili, ile ya kupigia plasta, uilaze sakafuni na kuizungusha kila upande. Chini ya rula pasipite kitu kinene kuliko milimita 3. Njia ninayoipenda ni kufanya kazi hii jioni, mtu mmoja ameshika rula, mwingine amelala na tochi upande wa pili. Mwanga unaopenya chini ya rula unaonyesha kila bonde. Vilima visagwe. Mabonde yajazwe kwa mchanganyiko maalumu wa kusawazishia, na ujazo huo nao uachwe ukauke. Asitokee wa kukuambia atayajaza mabonde kwa gundi. Gundi nene haikauki sawasawa, inasinyaa, na ubao juu yake unabaki unadundadunda.

Hujauliza kuhusu mchwa, ila sitafunga barua yako bila kuwataja. Plaiwudi ya chini ni chakula chao. Wanapita kwenye ufa wa zege na pembeni ya mabomba, mahali pembamba ambapo hata ukucha hauingii. Kama udongo ulipigwa dawa kabla ya kumwaga jamvi, vizuri. Kama haukupigwa, mwite mtaalamu wa dawa kabla ya mbao, na nyufa zote pamoja na sehemu zinapotoka mabomba zizibwe.

*Fundi, naomba msaada, hata usingizi sipati vizuri. Mbao zetu ziliwekwa mwezi wa nane mwaka jana, zikawa nzuri mno. Mvua zilipokolea, upande wa ukuta wa nyuma zikaanza kuinuka kingo, katikati zimebonyea. Ukitembea peku unazihisi. Fundi aliyeweka anataka azipige msasa zilingane. Nimkubalie? Na gharama alipe nani? (Mama wa nyumbani, Mtanda, Lindi)*

Pole sana dada yangu. Usimkubalie. Mwambie kwa heshima asubiri, na msasa ubaki kwenye gari.

Ubao unaoinuka kingo umeshiba maji chini kuliko juu. Upande wa chini umetanuka, wa juu umebaki vilevile, basi ukajikunja. Ukizikata kingo kwa msasa leo, siku ubao utakapokauka utanyooka, na pale ulipokatwa kingo patabaki pembamba na katikati pameinuka. Utakuwa na tatizo la pili juu ya la kwanza. Zaidi ya hapo, ubao halisi wa juu mara nyingi ni milimita 3 au 4 tu. Msasa mmoja mbaya unaula wote ukakutana na plaiwudi.

Mimi nikiitwa kwenye nyumba yenye malalamiko ya namna hii, naanzia nje. Zunguka nyuma ya ukuta huo. Tazama udongo wa uani umefika wapi: uko chini ya usawa wa jamvi, au umepanda ukalingana nalo, au umelipita kabisa kwa sababu ya kufagia na kumwaga kifusi miaka na miaka? Tazama paa: kuna gata, au maji yanadondoka moja kwa moja mguuni pa ukuta? Ukiona mfereji mdogo umechimbwa na matone kwenye mchanga, sambamba na ukuta, hapo ndipo maji yanapoingilia. Tazama kama kuna bafu upande ule, karo, bomba la jikoni, au tanki linalofurika. Umesema ni ukuta wa nyuma peke yake na ni baada ya mvua. Hilo linanifanya nishuku maji ya nje kuliko jamvi zima, na ni afadhali kwako.

Ndani, mwambie fundi aondoe skatingi ya ukuta huo, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, taratibu. Nyuma ya skatingi panapaswa kuwa na nafasi tupu ya milimita 10 hadi 12 kati ya ubao na ukuta. Akikuta imejazwa saruji au plasta, hilo nalo ni kosa, kwa sababu mbao zilipotanuka hazikuwa na pa kwenda. Aingize kidole, aguse zege. Aangalie rangi ya ukingo wa plaiwudi: ukiwa umetiwa weusi au una harufu ya uvundo, maji yamekaa hapo muda mrefu. Akiona nyuzi za plaiwudi zimeachana tabaka kwa tabaka, ubao huo haurudi tena.

Dawa inaanzia nje: shusha udongo uwe chini ya jamvi kwa sentimita 15 au zaidi, weka gata, peleka maji mbali na msingi, ziba bomba linalovuja. Kisha iache skatingi wazi, feni ielekezwe pale, madirisha yafunguliwe mchana wa upepo wa kusi, hewa ikiwa na ukavu kidogo. Itachukua miezi. Najua si jibu unalolitaka, lakini ubao ulioshiba ukikaushwa kwa haraka unapasuka. Mbao nyingi hurudi zenyewe au hukaribia kurudi. Zile zitakazobaki zimejikunja zitolewe mistari hiyo tu: msumeno wa mviringo unafungwa kina sawa na unene wa ubao usiguse zege, ubao unakatwa katikati kwa urefu, unang'olewa kwa patasi pana, na gundi ya zamani inaparwa kabla ya kuweka mpya. Muulize fundi kama maboksi yaliyosalia yapo. Kila anayeweka sakafu hii aweke boksi moja la akiba darini, rangi ya baadaye haifanani.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua, nani alipe. Muulize fundi wako kitu kimoja: alilipima jamvi, na majibu yake yako wapi? Kama alipima na ameandika, na maji yameingia kwa sababu ya gata ambalo halipo, mzigo si wake. Kama alifungua gundi bila kupima, ana sehemu yake. Mimi huandika vipimo kwenye karatasi mbili, moja ya mwenye nyumba na moja yangu, tarehe na mahali kila tundu lilipotobolewa. Nawaomba mafundi wenzangu wote tufanye hivyo. Inatulinda sisi, na inamlinda mama kama huyu anayekosa usingizi.

*Shikamoo mzee. Mimi ni fundi kijana wa marumaru hapa Masasi. Nimepata kazi yangu ya kwanza ya mbao za kubandika, chumba cha mita 4 kwa 5. Jamvi limepimwa, liko sawa. Je, gundi naweka kwa mafungu kama ninavyofanya kwenye marumaru? Na ninunue kiasi gani? (Fundi kijana, Masasi)*

Marahaba mwanangu. Umeanza na jamvi lililopimwa, hiyo imenipa moyo.

Mafungu hapana. Kila mahali pasipo na gundi chini patalia uwazi mtu akipita, na unyevu utapata pa kukaa. Gundi inatandazwa yote kwa mwiko wa meno. Ukubwa wa meno umeandikwa kwenye ndoo, ufuate, kwa sababu ndio unaopima kiasi. Kwa kawaida ni kilo moja hadi kilo 1.3 kwa mita moja ya mraba. Chumba chako ni mita 20 za mraba, basi kati ya kilo 20 na 26. Nunua ya kutosha kabisa, usije ukaishiwa katikati ya chumba ukasubiri basi la kutoka Mtwara. Mbao ongeza asilimia 5 hadi 10 ya vipande vitakavyokatwa.

Kabla ya gundi, kuta zetu zipime. Nyingi haziko mraba. Usianze kwa kufuata ukuta, piga mstari kwa kamba ya chaki, sambamba na ukuta mrefu zaidi, na mstari wa kwanza wa mbao uufuate huo. Fungua maboksi matatu manne uchanganye, ili rangi zisijitenge makundi. Viungo vya ncha vipishane kwa sentimita 20 au zaidi kutoka mstari hadi mstari. Mlangoni usikate ubao kuzunguka fremu. Kata fremu chini kwa msumeno, ubao uingie chini yake.

Sasa mkono wenyewe. Mwaga gundi kidogo, simamisha mwiko kama nyuzi 45, uburute huku meno yakigusa zege kabisa. Ukiulaza mwiko, gundi inabaki chache na hutajua. Tandaza upana wa mbao mbili au tatu tu. Gundi hizi hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo pwani na katika joto letu zinawahi kuliko dakika zilizoandikwa kwenye ndoo. Iguse kwa kidole: ikishika na kuvuta nyuzi, endelea. Ikiwa imeota ngozi juu na kidole kinatoka kikavu, ipare yote utupe, utandaze upya. Inauma, gundi ni fedha. Ubao uliolazwa juu ya gundi yenye ngozi haujashika kitu.

Laza ubao, usukume uingie kwenye mwenzake, ubonyeze kwa mikono miwili huku ukiusogeza kidogo. Kisha, na hili nakusihi usilisahau, kila baada ya mistari michache ng'oa ubao mmoja uliotoka kuulaza, uugeuze. Mgongo wake unatakiwa uwe umepakaa karibu wote, na mistari ya meno sakafuni iwe imelala. Ukikuta sehemu ya mgongo ni safi na mistari chini yake bado imesimama, pale pana bonde ambalo rula haikulikamata, au ubao umepinda. Bonde ulisawazishe. Ubao uliopinda uuweke uzito juu mpaka gundi ishike, hata mfuko wa saruji juu ya kipande cha plaiwudi unatosha.

Gundi ikigusa juu ya ubao, ifute papo hapo kwa kitambaa na dawa iliyotajwa kwenye ndoo. Poliyurethani ikishakauka haitoki, utakwangua na vanishi pamoja nayo. Vaa glavu, ngozini nayo haitoki upesi. Weka kabari pembeni kulinda ile nafasi ya ukutani, uzitoe ukimaliza. Chumba kifungwe saa 24 asikanyage mtu, hata mwenye nyumba akiwa na hamu ya kuonyesha wageni.

*Tuna nyumba ya urithi Mikindani, ya matumbawe na chokaa. Tunataka sakafu ya mbao chini. Inawezekana? (Ndugu wanne, Mikindani)*

Kwa kubandika, hapana. Sakafu hizo hazina nailoni na hazikujengwa kwa kuzibwa. Unyevu wa ardhini unatokea sakafuni na kupotea hewani. Ukiziba kwa epoksi na gundi, unyevu utatafuta njia nyingine nao utapanda kuta, na plasta ya chokaa itaanza kuanguka. Tunzeni sakafu ya chokaa, tandikeni mikeka. Ghorofani, kama mnayo na boriti zake ni nzima, tuandikiane.

*Naruhusiwa kupiga deki kwa maji na sabuni? (Kilwa Masoko)*

Kitambaa kilichokamuliwa mpaka hakidondoki, basi. Ndoo ya maji isimwagwe sakafuni hata siku ya sikukuu. Adui yako mkubwa Kilwa ni mchanga wa miguuni, unakwangua vanishi kila siku. Weka kikanyagio kizito nje na kingine ndani.

*Fundi, kwa nini tununue mbao za nje wakati huku kwetu tuna mninga, mkongo na mpangapanga? Siwezi kutengeneza za kwangu nikazibandika kwenye jamvi? (Ruangwa)*

Swali hili limenifurahisha kuliko yote. Mninga ni moja ya mbao zinazosogea kidogo sana hewa inapobadilika, ndiyo maana milango yake haing'ang'anii. Mkongo hauko mbali naye. Mpangapanga, ule mweusi wenye mistari, ni mti unaojulikana ulimwenguni kwa sakafu. Mjomba wangu aliyenifundisha useremala aliuthamini mno, hata vipande vidogo hakutupa.

Tofauti ni kwamba huo utakuwa ubao mzima, hauna plaiwudi ya kuuzuia. Ukibandika ubao mpana na mnene juu ya zege, nguvu zake za kutanuka zitaishinda gundi. Kwa hiyo pasua vipande vyembamba na vifupi: upana wa sentimita 5 hadi 7, unene wa milimita 10 hivi, urefu wa sentimita 25 hadi 35, upange kwa kupishana au kwa mshazari. Vipande vidogo kila kimoja kinasogea kidogo. Mbao ziwe zimekauka kivulini muda wa kutosha, na baada ya kupasuliwa zikae ndani ya nyumba hiyo hiyo, zimepangwa kwa vijiti katikati hewa ipite. Masharti ya jamvi ni yaleyale niliyomwambia mwalimu wa Shangani, tena uyashike zaidi.

Nunua kwa muuzaji mwenye kibali na hati ya kusafirishia ya Wakala wa Huduma za Misitu, uione kwa macho yako. Misitu ya Ruangwa na Liwale inakatwa usiku, na sipendi sakafu yako iwe sehemu ya hilo. Seremala akishakupasulia vipande vichache vya mfano, niandikie upana na unene wake kabla hujanunua gundi, nikuambie meno ya mwiko.